Sura ya Sita: Sitara ya Mtu na Ithibati ya Umri

Mwaka 1952, wakati mji wa Kisangani ulipokuwa ukiitwa Stanleyville na bendera ya Ubelgiji ikipepea juu ya afisi zake, serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kuwaandikisha Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wamekwisha kustaarabika, ili wapate baadhi ya haki ambazo Mzungu alizipata kwa kuzaliwa tu. Aliyetaka jina lake liingie katika daftari lile hakuruhusiwa kuleta hati zake na kwenda zake. Alihojiwa mbele ya baraza juu ya elimu yake, ndoa yake na mwenendo wake, kisha wakaguzi wakamfuata hadi nyumbani, wakatazama jiko na choo, wakachungulia vitabu vyake, na wakataka kujua kama mkewe hula naye meza moja, kwa uma na kisu. Patrice Lumumba, karani wa posta aliyefika mjini hapa mwaka 1944 na kuishi hapa kwa sehemu kubwa ya miaka kumi na miwili iliyofuata, alipeleka ombi lake likakataliwa, na hakukubaliwa mpaka mwaka 1954. Katika Kongo nzima waliopata kuandikwa hawakuzidi mia chache hata uhuru ulipowadia.

Nimetanguliza kisa hicho kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo sura hii yote inalizunguka: ni nani aliye na haki ya kuyapekua maisha ya mwenziwe kabla ya kumfungulia mlango, na yale aliyoyaona humo ndani atayafanyia nini baadaye? Wakaguzi wa Stanleyville wamekwisha kwenda zao, na amri yao imebaki katika makumbusho ya sheria, lakini swali lao limerejea kwa njia ambayo wazee wetu wasingeweza kuidhania.

Mwezi Novemba 2024 bunge la Australia lilipitisha sheria ya kuwazuia watoto wasiotimiza miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na tangu tarehe 10 Desemba 2025 kampuni isiyochukua hatua za kutosha yaweza kutozwa faini hadi dola milioni 49.5 za nchi ile. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2023 juu ya usalama wa mtandaoni, imezilazimisha tovuti za picha za uchi, tangu tarehe 25 Julai 2025, zihakikishe umri wa kila anayeingia. Na huko Marekani, Mahakama Kuu ya nchi ilihukumu tarehe 27 Juni 2025 kwamba jimbo la Texas lina haki ya kuweka sharti la namna hiyo. Ama njia za kuthibitisha umri, ni chache na zinafanana kila mahali: mtu hupiga picha pasipoti au leseni yake akaituma, au huuonyesha uso wake mbele ya kamera ili mashine ikisie miaka yake, au hutoa nambari ya kadi ya benki, au kampuni yenyewe huchunguza mambo anayoyatazama na watu anaoongea nao, ikapima kama ni mtoto au mtu mzima.

Msomaji aliyeko katika mitaa ya Mangobo au Kabondo hapa Kisangani aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Sydney na London, na kwamba sisi tuna mashaka mengine ya kutosha. Hata hivyo kampuni hizi hutengeneza programu moja kwa dunia nzima, na desturi iliyowekwa kwa ajili ya nchi tajiri aghalabu hufika kwetu katika simu ileile, bila ya mtu yeyote wa jimbo letu la Tshopo kuulizwa rai yake. Watunga sheria nao husomana. Kanuni ya Kidijitali ya nchi yetu, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria tarehe 13 Machi 2023, ina mengi yaliyofuata mfano wa Ulaya. Kwa hiyo ni bora tulifikiri jambo hili sasa, kabla halijatufikia likiwa limekwisha kuamuliwa.

Na insafu yatutaka tuanze kwa kukiri kwamba wanaotaka sheria hizi hawana nia mbaya, wala hofu yao si ya kubuni. Mzazi yeyote mjini petu aliyempa bintiye simu ajue yaliyomo humo: wanaume wasiojulikana wanaojifanya vijana wa rika lake, maneno ya mapenzi yanayoishia kwenye ombi la picha, na picha ikishatumwa, vitisho vya kuitangaza kwa jamaa na wanafunzi wenzake iwapo hakutuma pesa au hakukubali kukutana. Kuna watoto wanaoona, kabla hawajabaleghe, mambo ambayo watu wazima wa kizazi kilichopita hawakuyaona maisha yao yote. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya hifadhi ya mtoto inamhesabu kila asiyetimiza miaka 18 kuwa ni mtoto, na inawapa wazazi na dola dhamana ya kumlinda. Hakuna sababu dhamana hiyo ikomee mlangoni mwa mtandao. Hitilafu yangu na watu wa Australia haiko kwenye madhumuni. Iko kwenye mzigo, maana wamemtwika anayetaka kupita wajibu wa kujieleza, na wamemkabidhi tajiri wa mtandao hati za mamilioni ya watu, ilhali ni tajiri huyo aliyelijenga soko likawa la hatari.

Tuipime sheria kama hiyo kwa hali ya Kisangani. Inadhani kwanza kwamba kila mtu ana hati inayotaja siku yake ya kuzaliwa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, mtoto huandikishwa bure mnamo siku 90 tangu kuzaliwa, na muda huo ukipita hapana budi kutafuta hukumu ya mahakama. Lakini uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa walikuwa yapata 40 katika 100. Sensa ya mwisho ya watu ilifanywa mwaka 1984. Kitambulisho cha taifa, kilichozinduliwa Kinshasa mwezi Juni 2023 kwa sherehe kubwa, hakijawafikia wananchi walio wengi, hivyo kinachoshika nafasi yake benki, kituo cha polisi na kizuizi cha barabarani ni kadi ya mpiga kura, ambayo Tume ya Uchaguzi huitoa kila uchaguzi unapokaribia. Wengi walioipata mwaka 2023 waliona maandishi yake yakififia kabla ya muda, hata jina na sura zikawa hazisomeki, wakalazimika kutembea na fotokopi au karatasi ya kuthibitisha kwamba hati zimepotea. Na kwa kuwa kadi hiyo ndiyo kitambulisho pekee kinachopatikana bure, vijana wasiotimiza miaka 18 wamekuwa wakijiongezea umri ili waipate. Mashine ya kampuni ya kigeni ikiambiwa isome kadi hizo, itamkataa mama wa miaka 40 ambaye wino wa kadi yake umefutika, na itamkubali mvulana wa miaka 15 aliyejiandikisha kuwa ana 19.

Sheria hiyo inadhani pia kwamba kila simu ina mtu mmoja. Katika nyumba nyingi za mitaa ya Tshopo na Lubunga simu yenye intaneti ni moja. Asubuhi iko mkononi mwa baba anayeuliza bei ya mchele, mchana kwa mama anayepokea maagizo ya wateja wake, jioni kwa watoto, na laini iliyomo huenda iliandikishwa kwa jina la mjomba aliyekwisha kuhamia Bunia. Umeme ukikatika, jambo ambalo mji unaotegemea mitambo mitatu ya bwawa la Tshopo, kazi ya zama za Wabelgiji, umelizoea mno, simu hiyo hupelekwa kwenye kibanda chenye jenereta au mtambo wa jua, ikaachwa mezani pamoja na nyingine makumi, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Uso utakaoonyeshwa kwenye kamera ni wa nani katika hao wote?

Na tusijidanganye kwamba hatari ya siri zetu inatoka ng'ambo tu. Tazama meza ya kijana wa kabini, yule auzaye vocha na kutuma pesa chini ya mwavuli kando ya barabara. Juu yake liko daftari la shule lenye mistari iliyochorwa kwa rula: safu ya jina, safu ya nambari ya simu, safu ya kiasi, safu ya saini. Kila mteja akiinama kuandika lake husoma ya waliomtangulia, akajua ni mama gani wa jirani aliyetumiwa dola hamsini jana, na nambari ya msichana aliyesimama hapo dakika chache kabla yake. Duka la fotokopi nalo lina siri zake: kadi huwekwa juu ya kioo, nakala ya kwanza hutoka nyeusi ikatupwa, na baadaye karatasi hiyo yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na sura ya mtu hukutwa sokoni imefungiwa karanga. Kijana wa kabini hana kosa la makusudi. Hakuna aliyemfundisha kwamba daftari lake ni amana.

Zile hati zinazotumwa kwa kampuni kubwa, je, hukaa salama zaidi? Mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Discord ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika mitambo ya wakala aliyekuwa akiihudumia, na kwamba picha za vitambulisho vya serikali za watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeonekana. Wengi wao walikuwa wametuma vitambulisho hivyo kwa sababu moja: walihukumiwa kuwa ni watoto, wakakata rufaa kuthibitisha umri wao. Walitii sharti, na utii wao ukawa ndio mlango wa fedheha. Nchini Kenya, mwaka 2023, watu walipanga foleni ndefu Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine za mradi wa Worldcoin, wakilipwa kwa sarafu ya mtandaoni yenye thamani ya shilingi elfu chache; serikali ikaisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zile za miili ya watu zifutwe. Nenosiri likiibwa hubadilishwa, na kadi ikipotea hutolewa nyingine, lakini mboni na uso wa mtu havina badali. Kenya iliweza kusimama kwa kuwa ilikuwa na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, na afisi yenye nguvu ya kuisimamia.

Dola yetu wenyewe nayo imetupa somo. Mwezi Septemba 2020 ilianzishwa daftari ya simu za mkononi, iliyojulikana nchi nzima kwa herufi zake RAM, na sababu iliyotolewa ilikuwa njema: kuzuia simu bandia na kumlinda mwenye simu iliyoibwa. Punde watu wakaona vocha zao zikikatwa, dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo na dola saba kwa simu yenye intaneti, na muuza mihogo wa Soko Kuu akajikuta akilipia ulinzi asiouomba. Baada ya malalamiko makali ya wananchi na ya baadhi ya wabunge, tozo hiyo iliondolewa mwaka 2022. Ninalotaka tulishike katika kisa hiki ni kwamba daftari iliyoanzishwa kwa jina la hifadhi iligeuka mapema sana kuwa njia ya mapato, na hakuna dhamana kwamba daftari ya umri wa watu haitapata matumizi mengine.

Hapo ndipo tunapofikia utumwa mpya wa kuitegemea mitandao, ambao watu wengi hawauhisi mpaka siku mlango unapofungwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, kwa kosa lililofanywa katika mitambo ya Facebook, WhatsApp na mitandao ndugu zake ilinyamaza dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Facebook ilikuwa imetangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, na tangu hapo sehemu kubwa ya maongezi ya dunia imo mikononi mwa kampuni moja. Katika mji kama huu, ambao kutoka Kinshasa hufikiwa kwa ndege au kwa majuma ya safari ya mtoni, WhatsApp ndiyo posta, ndiyo soko, ndiyo tangazo la msiba na mkutano wa aila. Ni kweli kwamba tangu 2016 maneno yenyewe yamefungwa kwa ufunguo ambao kampuni haina. Lakini kampuni yajua nani alimwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, na kutoka wapi, na kwa mfanyabiashara wa matangazo, hata kwa mpelelezi, habari hizo aghalabu zatosha.

Ikiwa ufunguo wa kwanza wa mlango huo uko kwa kampuni, wa pili uko kwa serikali. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi wa mwezi huohuo, intaneti ilikatwa nchi nzima, na haikurudi mpaka siku kama ishirini zilipopita. Na ufunguo wa tatu uko baharini. Mwezi Januari 2020, mchanga na tope lililoletwa na mafuriko makubwa ya Mto Kongo liliporomoka katika bonde refu lililoko chini ya bahari mbele ya mlango wa mto, likasafiri zaidi ya kilomita 1,100 gizani na kukata waya za mawasiliano za SAT-3 na WACS. Agosti 2023 waya hizo zikakatika tena mahali hapohapo. Maji yaliyopita mbele ya maporomoko ya Wagenia mjini petu yalikuwa sehemu ya nguvu iliyozikata. Wanaokuja kutuokoa na udhaifu huo ni matajiri walewale: mwaka 2021 Facebook na kampuni ya Liquid zilitangaza mpango wa kujenga kilomita 2,000 za waya za nuru ndani ya Kongo, na Mei 2025 Starlink, iliyokuwa imepigwa marufuku mwaka uliotangulia, ikapewa leseni ya kuuza intaneti kutoka angani. Siwalaumu wanaoipokea nafuu hiyo, kwani mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani anayetafuta kitabu hana wa kumngojea. Lakini mwenye barabara, mwenye gari na mwenye kumbukumbu za safari akiwa ni mtu mmoja, na huyo akaongezewa kazi ya kukagua vyeti vya kuzaliwa, amekuwa dola juu ya dola, isiyochaguliwa na mtu.

Ni ipi basi njia ya maslahi? Kwa rai yangu, sheria itakayotungwa nchini imtwike mzigo mwenye mtandao. Imwamuru aifanye kila akaunti, tangu siku ya kwanza, iwe na sitara kamili mpaka mwenyewe atakapoamua vinginevyo; mtu asiyejulikana asiweze kumwandikia mwingine bila idhini; matangazo yasipimwe kwa mwenendo wa mtumiaji anayedhaniwa kuwa ni mtoto; mashine isimsukumie mtu picha baada ya picha usiku kucha; na malalamiko ya msichana anayetishwa yajibiwe upesi, kwa lugha anayoielewa, Kiswahili na Lingala zikiwamo. Hayo yote humlinda mtoto bila kumwomba mtu yeyote kadi yake. Umoja wa Ulaya ulitoa Julai 2025 mfano wa programu inayomwezesha mtu kuthibitisha kwamba ametimiza umri bila kutaja jina wala tarehe ya kuzaliwa, na fikra hiyo ni njema kuliko kutuma picha ya pasipoti. Bado lakini huanzia kwenye hati ya serikali, nayo ndiyo tuliyopungukiwa.

Kwa upande wa dola, kazi imekwisha kuandikwa, kilichobaki ni kuifanya. Ibara ya 31 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake ya faragha na siri ya barua na mawasiliano yake, na Kanuni ya Kidijitali ya 2023 imeagiza kuwapo kwa mamlaka ya kulinda habari za watu. Mamlaka hiyo ipewe watu, fedha na uhuru, ifike hata huku Tshopo, na iwe na ujasiri wa kumwita kizimbani tajiri wa ng'ambo na waziri wa Kinshasa kwa sauti moja. Kadhalika sheria iseme wazi kwamba atakayekusanya hati kwa haja moja hana ruhusa ya kuitumia kwa haja nyingine, na haja ikiisha aifute.

Na sisi wakazi tusingojee Kinshasa kwa kila jambo. Mzazi aliyejaliwa mtoto ampeleke kwa karani wa uandikishaji kabla ya siku 90 kupita, kwani hati hiyo ni haki ya mtoto na hailipiwi. Mwenye kabini alifunike daftari lake na kulichoma likijaa. Mwenye fotokopi airarue nakala iliyoharibika mbele ya mteja. Walimu wa UNIKIS, chuo kikuu chetu, wawafundishe vijana kujenga na kuendesha mitambo ya habari hapahapa mjini, ili siku waya ikikatika maarifa ya mji yasipotee nayo. Na mzazi akae na mwanawe, waitazame simu pamoja, amwambie bila kumtisha kwamba likimpata baya humo aje aseme, naye hatapigwa wala kutukanwa. Mtoto anayeamini kwamba atasikilizwa nyumbani ana kinga ambayo hakuna kampuni yoyote iwezayo kumuuzia.